Kipande cha Bondeni

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika. Fungia kuku kabla mvua haijaanza.

Asubuhi ulipomzungusha mpima ardhi shambani, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nilikusikia ukisema: "Huku juu kote ni kwangu. Mama mpimie kule bondeni, mzee hahitaji nafasi." Bondeni, maji yanakotuama mpaka vyura wamehamia. Halmashauri inataka kila kipande kiwe na njia, na mimi ukanipimia ya upana wa toroli.

Wakati wa kuaga, mpima akanikumbusha kwamba ombi la kugawa shamba halipokelewi bila sahihi ya mwenye hati. Mwenye hati ni mimi. Mwenzangu ulisahau.

Basi nimekwenda halmashauri kusaini. Mipaka yako sijaigusa, umeipanga vizuri. Nimebadilisha majina tu. Juu ni kwangu, bondeni kwako.

~~Nitamwomba mpima akupanulie njia, gari lipite.~~

Hapana. Toroli litakutosha.

Viatu vyako vya mvua nimevisugua, viko nyuma ya mlango. Anza kuvizoea.

Mama yako,
mzee asiyehitaji nafasi