Waliokwenda Kuzunguka Wrekin

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Ijulikane kwa wote, kuanzia leo, kwamba msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba hiki si wangu. Shati langu la kazini litaendelea kulala kitini. Msumari ni wa koti la Kilonzo, na Bi Preece, mwenye nyumba, hataki liguswe.

Zamu ya asubuhi. Mabasi mawili mpaka kiwandani Longbridge, nafunga milango kwenye magari mapya, mabasi mawili kurudi Acocks Green. Chai. Viazi. Koti.

Kilonzo ndiye aliyenitafutia kazi hii na chumba hiki. Tumekua pamoja Kangundo. Nimefika Uingereza Septemba, hayupo. Aliondoka Juni, anasema Bi Preece, bila kuaga. Kiwandani vilevile: siku moja hakuja, basi. Mama yake alinipa kopo la asali nimletee. Liko dirishani. Mama ataniuliza. Nimjibu nini?

Jumatano, 6 Oktoba

Kiingereza kipya. Ray, tunayefunga naye milango, mtu akichelewa au akirefusha hadithi, husema amezunguka Wrekin. Leo nilimweleza kwa nini nimechelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mutua, mwanangu, umetuzungusha Wrekin nzima. Sema tu basi halikuja."

Nikauliza Wrekin ni nini.

"Mlima. Nadhani."

"Umewahi kuuona?"

"Nikafanye nini huko?"

Nikamwuliza juu ya Kilonzo. "Huyo kazunguka Wrekin tu. Atatokea."

Kwa Ray, basi, ni njia ndefu lakini inafika. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumapili, 10 Oktoba

Bi Preece amezaliwa chini ya Wrekin yenyewe, Shropshire. Picha ya mlima iko juu ya meko: kitu cheusi, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Ananiita bata wake. Nimeulizia; si tusi.

Kila Jumapili baada ya chakula anamimina sheri, divai tamu ya kwao, katika glasi mbili. Moja yake. Moja haina mtu. Mimi napewa chai, maana dini yangu na sheri havipatani. Wiki zote hizi nilikuwa nakimbilia juu na kikombe changu. Leo mvua, moto ulikuwa mzuri, nikabaki.

Akasimama, akaikabili picha. "Kwa marafiki wote wanaouzunguka Wrekin." Kisha majina. Albert, mumewe: yuko makaburini. Doris, dada yake: makaburini. Kapteni: mbwa, chini ya mawaridi uani. Kilonzo.

Baada ya mbwa.

Halafu sheri ya ile glasi ya pili ikarudishwa chupani. Marehemu wa huku hawana gharama.

Sikuuliza. Niliogopa. Mtu haachi koti Uingereza. Ataacha kazi, ataacha mke. Koti haachi.

Jumatatu, 18 Oktoba

Baridi ya kukata masikio. Koti langu la Nairobi lilishonwa kwa ajili ya kupigiwa picha. Bi Preece alikuwa bado hajaamka. Nikavaa la Kilonzo. Limenikaa kana kwamba nilipimwa mimi. Mfukoni kitambaa cha mkono na maganda ya karanga. Hakuna zaidi.

Getini Ray akaita nyuma yangu, kwa jina alilozoea kumwita Kilonzo: "Kilo!"

Nikageuka. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida, na kawaida yake si haba.

"Usinifanyie hivyo tena, mwanangu."

Kama Kilonzo kazunguka tu na atatokea, Ray ameogopa nini?

Nimelirudisha msumarini kabla Bi Preece hajatoka jikoni. Nimelala—nimejaribu kulala—nikiligeuzia mgongo. Vibaya zaidi. Nimegeuka.

Jumapili, 24 Oktoba

Ibada Sparkbrook. Basi la kurudi halikuja. La pili likapita limejaa. Nimefika nyumbani saa ya chakula imepita, viatu vimejaa maji. Nilikuwa ukumbini navivua, mlango wa sebule wazi kidogo. Sauti ya Bi Preece.

Albert. Doris. Kapteni. Kilonzo. Mutua.

Nilishika kifundo cha mkono wangu. Mapigo yalikuwepo. Naandika jambo hili bila aibu: nilishika tena, mkono wa pili.

Nikaingia na soksi mbichi.

"Umenitaja."

"Hukuwepo mezani, bata wangu."

"Wote wale wamekufa."

"Wote wale hawapo mezani." Akanivutia kiti. "Kwetu tunakunywa hivyo. Aliyepo ana sahani yake. Asiyepo ana jina lake."

Basi nikauliza. "Na Kilonzo? Amekufa?"

Akaiweka glasi chini. "Mimi sijui. Nilidhani wewe unajua, ukaona vibaya kuniambia. Wewe ndiye mtu wa kwao."

Kumbe wiki zote hizi kila mmoja alikuwa anasoma msiba usoni mwa mwenzake.

Viazi vilikuwa vya baridi. Nimekula vyote.

Jumapili, 7 Novemba

Mama Kilonzo ameuliza, kupitia barua ya dada yangu. Sijajibu.

Nimefungua kopo la asali. Likanukia harufu ya kwetu. Nimelifunga.

Majina yamesomwa. Langu halimo. Nilikuwepo.

Jumamosi, 20 Novemba

Saa sita mchana, hodi. Nikafungua mimi.

Kilonzo.

Bi Preece alimpiga kwa taulo la vyombo, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Mimi nilimshika mkono nisiuachie, yeye akacheka: "Vipi wewe, Mutua, umeona mzimu?"

Anaishi Walsall na mjane mwenye duka la chipsi. Si mbali hata kidogo. Mbona kimya? Aliona haya kwa kuondoka bila kuaga. Kila mwezi haya zikazidi. Na koti?

"Ilikuwa Juni, bwana. Joto la huku."

Asali amekula kwa kijiko, kasimama palepale dirishani. Aliposikia habari za mama yake akakiweka kijiko chini. Kisha akaniomba karatasi, akamwandikia yeye mwenyewe.

Jumapili, 21 Novemba

Mvua. Nyama, viazi. Albert, Doris, Kapteni, Kilonzo. Hakuwepo mezani. Nimeinua kikombe.

Koti lingali msumarini. Halimtoshi tena. Amenenepa.