Maneno ya Evangelina Niliyoyameza

Bujumbura, Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na amahoro kwa wote wanaolala chini ya paa lako hapo Kizuka. Goti la kulia linaendeleaje tangu mvua zianze? Hamidou aliniambia kwamba bado unashuka ufukoni Gatete kila asubuhi kwa pikipiki, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia umempa jirani. Nitakutumia nyingine, na safari hii naomba uitumie wewe mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ingawa sijala vizuri tangu tulipoongea kwenye simu Jumanne.

Hamidou, ndugu yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole, usiruke hata mstari mmoja.

Mama, Jumanne uliniuliza swali, nami nikasema rezo ni mbaya, sikusikii, nikakata. Rezo haikuwa mbaya. Nilikusikia vizuri. Ulinieleza kwamba redio imetangaza kuwa Evangelina, mwakilishi wa wanawake wa ufukoni, amewaambia wakubwa wa dunia kwamba mko tayari kuhama Gatete kwa furaha ili wawekezaji wajenge bandari. Ulinieleza kwamba wanawake wamevunja vichanja vyake vya kuanikia samaki, wamezimwaga ndagala zake mchangani, na hakuna anayemwamkia. Kwamba yeye anaapa kwa Biblia hakusema maneno hayo, na kila anayemkemea anamjibu jambo moja tu: muulizeni Aliya, alikuwa pembeni yangu. Basi ukaniuliza alisema au hakusema. Nitakujibu humu, lakini niruhusu nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka jinsi sote tulivyofurahi alipochaguliwa. Mwanamke wa kukausha samaki, wa ushirika wa Gatete, aende kwenye mkutano wa ile nchi kubwa na viongozi wa Afrika! Kirundi anakijua, lakini aliomba aongee Kiswahili alicholelewa nacho na mama yake wa kule Fizi, ng'ambo ya ziwa, na ofisi yangu ikanipa mimi kazi ya kumtafsiria kwa Kifaransa. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba ni heri awe mtoto wako kuliko mgeni.

Mshangao ulianza uwanja wa ndege. Alikuwa amefunga kilo mbili za ndagala kavu, safi, za kuwapa wenyeji wetu, kwa kuwa kwake haiwezekani kwenda kwa watu mikono mitupu. Askari mwenye glavu akazifungua, akazinusa, akazitupa kwenye pipa mbele ya macho yake.  Evangelina aliniuliza kama wale watu hawana njaa hata mmoja.

Ukumbi wenyewe, Mama, ulikuwa mkubwa kuliko soko lote la Rumonge, na baridi yake iliuma meno. Marais wetu walipangwa safu mbili, kila mmoja na bendera ndogo mezani. Wanaume tunaowajua kwa misafara na ving'ora walikaa wakisubiri kuitwa, na kila aliyesimama alipewa dakika tatu. Zikiisha, taa nyekundu inawaka na mikro inazimwa. Nilimwona rais mzima akiendelea kuongea bila sauti, midomo inacheza tu, halafu akakaa na kutabasamu kama aliyepewa zawadi.  Nilijiuliza, kama huyu ananyamazishwa na taa, sisi ni akina nani?

Saa ya wananchi ilipofika, bwana Mardochée, mkuu wa protokole wa msafara wetu, alinipa karatasi ya Kifaransa mlangoni. Alisema ndiyo muhtasari wa atakayoyasema Evangelina, itanirahisishia kazi. Niliona juu salamu na shukrani, zile zile alizofundishwa Evangelina wiki nzima hapa Bujumbura. Chini sikufika. Tuliitwa.

Alipanda amevaa imvutano aliyoshona kwa arusi ya binti yake. Hakuogopa hata kidogo. Akatoa salamu, halafu akaziacha zile shukrani alizokaririshwa na kuanza kuongea kama anavyoongea ufukoni, mkono kiunoni, akinyamaza kila baada ya maneno machache ili nitafsiri. Alipomaliza, ukumbi wote ulisimama. Walipiga makofi, Mama, sijapata kusikia makofi kama yale. Evangelina alinishika mkono, akalia, akasema, "Aliya, wametusikia!"

Kwenye ukumbi ule kulikuwa na mjumbe mmoja mzee, sijui wa nchi gani. Nilikuwa nimemwona akivua vile visikilizio vya masikioni katikati ya maneno yetu na kunikazia macho. Naye alisimama, naye akapiga makofi. Baadaye tulikutana kwenye korido. Akaniinamia na kusema kwa Kiswahili laini kabisa, "Binti yangu, mimi Kiswahili ni lugha ya mama yangu." Akaenda zake. Nikajiegemeza ukutani.

Sasa nakujibu. Evangelina hakusema, Mama. Niliyesema ni mimi.

Maneno yake ya kwanza yaliyotoka nje ya karatasi, nilifungua kinywa niyatafsiri. Nikamwona bwana Mardochée kwenye safu ya mbele. Hakukunja uso, hakunitisha. Aligonga tu kidole kwenye nakala yake ya karatasi, mara mbili. Angenitolea neno moja la ukali leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nikashusha macho na kusoma. Kila Evangelina aliponyamaza, nilisoma mstari mwingine. Ule wa mwisho nilikutana nao ukiwa tayari mdomoni: kwamba wanawake wa ufukoni wanawaachia wawekezaji sehemu yao kwa moyo mkunjufu. Niliusikia kwa sauti yangu kama mtu mwingine anasema, na kabla sijashtuka vizuri watu wakawa wamesimama.

Maneno yake ya kweli ninayo yote, hayajanitoka hata moja. Nayaandika hapa kama alivyoyasema:

"Mimi naitwa Evangelina, ninakausha ndagala pale Gatete. Ziwa ilipanda, ikakula nyumba zetu. Ya Mama Aliya ilienda yote, hata mulango hatukuona tena. Mama Aliya ni mama wa huyu mutoto anasimama hapa na mimi. Kile kipande kidogo ziwa ilituachia, sasa tunasikia munataka kujenga bandari pale. Sisi hatukatae bandari. Lakini hakuna mutu alikuja kutuuliza. Mukitutoa, tutaanika samaki wapi? Mutuoneshe kwanza fasi ya kwenda, ndio museme tumekubali. Leo bado hatuyakubali. Murakoze."

Alipokutaja aliniangalia, akatabasamu. Alijua nitafurahi kulisema jina la mama yangu mbele ya marais. Wakati ule mimi nilikuwa nasoma habari ya ushirikiano na maendeleo.

Nimewaandikia watu wa redio barua nyingine, kwa Kifaransa na Kirundi, nikaweka saini. Jana ofisini nimeambiwa nisirudi. Sikuonei wewe haya kwa ajili ya kazi, Mama. Nakuonea haya kwa sababu ulisema ni heri awe mtoto wako kuliko mgeni.

Nakuomba Hamidou aisome barua hii ufukoni, wanawake wote wakiwepo, pamoja na pale nilipojitaja. Wamrudishie vichanja vyake. Lakini Evangelina asiisikie kwanza mbele za watu. Nenda kwake wewe na Hamidou kabla, akae, asomewe peke yake, apate nafasi ya kunilaani bila kuangaliwa. Jumapili nitapanda basi la kwanza nije nisimame mbele yake. Asiponiamkia, nitaelewa.

Kuna jambo moja tu sijui utamwambiaje. Bado anaamini makofi yale yalikuwa yake.

Msalimie mjomba Hadji na watoto wote. Niombee dua, hata ukiwa umenikasirikia. Hamidou, mpe Mama maji ukimaliza kusoma.

Ni mimi mwanao,
Aliya