Aabo, Nilipoomba Kuwa Polisi

Mpendwa Aabo,

Hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia nikijua kwamba hutaisahihisha. Zile nilizokuandikia kutoka bwenini zote ulinirudishia pamoja na majibu yako, zimejaa kalamu nyekundu. Mkalimani wa mahakama hawezi kusoma barua ya mwanawe kama baba wa kawaida. Ngeli zote za Kiswahili ulizijua kichwani, ila ile herufi "p" ilikugomea mpaka mwisho, ukaishi Garissa maisha yako yote ukisema "bolisi" na "basiboti" mbele ya mahakimu, na hakuna aliyethubutu kukucheka.

Nataka kukusimulia habari za Mji wa Alhamisi. Najua hukuusahau. Lakini kila mgeni alipokuja nyumbani ulianzia kwa ngamia, ukaruka yote yaliyotangulia. Leo nasimulia mimi.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ile ya tisini. Mwalimu Kioko alikuwa amehamishiwa shuleni kwetu kutoka Ukambani, akaona tunakariri somo la uraia kama kasuku. Akachora mstari mrefu wa majivu kwenye uwanja nyuma ya madarasa, kwenye ile miarobaini, akasema, "Ng'ambo ya mstari huu kuna mji. Kila Alhamisi mchana mtaujenga na kuuendesha. Ukivuka, umeacha jina lako huku. Wewe ni daktari, ni mwuza nyanya, ni hakimu, mpaka kengele ilie." Tuliupenda kuliko mpira. Hakimu alikuwa Mwikali, binti wa nesi wa hospitali, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye uso wa mtu mzima. Soko lilikuwa na nyanya za kweli. Na polisi alikuwa Bishar.

Bishar alicheza upolisi aliouona. Alisimama njiani na fimbo akipaza sauti, "Kipande! Toa kipande!" Asiyekuwa na karatasi alichuchumaa juani. Mwanzoni tulicheka. Baadaye watoto wa darasa la nne wakaanza kulia, na msichana mmoja akawa anaugua tumbo kila Alhamisi. Mwalimu Kioko akamvua Bishar kofia ya kadibodi, akabandika tangazo mlangoni: nafasi ya polisi iko wazi, mwombaji aandike barua rasmi, kisha atahojiwa.

Niliandika barua yangu siku hiyohiyo nilipotoka madrasa. Nikakuletea kwenye mkeka, ukiwa na kikombe chako cha shaah, ili uitazame ngeli tu. Unakumbuka nilichoandika? "Mimi sina huruma. Nitakamata watu wote wabaya na kuwachapa wasio na kipande."

Ukaweka kalamu chini.

"Aabo," uliniita, kwa maana ndivyo tulivyoitana, baba na mtoto jina moja, "huyu bolisi uliyemwandika, unamjua?"

"Simjui. Ni wa mchezo tu."

"Mimi namjua."

Ndipo ukaniambia jambo ambalo hukuwa umewahi kuniambia. Ulikuwa kijana, mnasafiri na baba yako kutoka Hulugho. Kwenye kizuizi askari mmoja akamwuliza babu swali kwa Kiswahili. Babu hakuelewa, akatabasamu kwa adabu. Askari akadhani anadharauliwa, akampiga kofi mbele yako.

"Alikuwa anaulizwa jina lake tu," ulisema. "Angejua ni jina wanalotaka, angewatajia na la baba yake, na la babu yake, na la babu wa babu yake. Wangechoka wao kuandika." Ukanywa chai. "Mwaka ule ndio nilianza kujifunza Kiswahili."

Nilitaka kuichana barua. Ukanizuia mkono. "Si wote wako hivyo. Kule mahakamani yuko mmoja, kabla ya kumwuliza shahidi chochote humtafutia kiti. Wewe unataka kuwa yubi?"

Mama, Hooyo wetu, akasikia kutoka jikoni. "Msichana awe bolisi? Si aombe unesi!"

"Unesi ni kazi nzuri," ulimjibu. "Lakini huyu hakuomba unesi."

Barua ya pili ilikuwa na mistari michache. Niliandika kwamba nitasalimia kwanza, nitauliza kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na nitangoja jibu. Uliisoma mara mbili, hukuongeza neno. Ila mkono wako ulikushinda, ukarekebisha "barua hii changu" ikawa "barua yangu hii", kwa wino mwekundu, katikati ya ukurasa safi. Nikaipeleka hivyohivyo na kidonda chake.

Tuliohojiwa tulikuwa watano, wavulana wanne na mimi, na Bishar akiwemo, maana aliomba tena. Mwalimu Kioko aliniambia nisimame nipige ukelele kama polisi anayemzuia mtu. Nikavuta pumzi, nikanguruma, "Simama! Bolisi!"

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Nilihisi masikio yanawaka. Kisha kicheko kikanipata na mimi, nikasema, "Mwalimu, baba yangu husema hivyo mbele ya hakimu wa kweli, na hakimu humwelewa." Mwalimu Kioko akainamia karatasi yake akiandika, mabega yakimtikisika.

Nilipewa. Bishar alinikabidhi filimbi ikiwa imejaa mchanga, nami nikaiosha mara tatu. Yeye akafanywa mwuza nyama wa mji, na nakuambia, Aabo, hajawahi kutokea mwuza nyama mwenye furaha vile.

Alhamisi ya mwisho ya muhula wazazi walialikwa. Wewe ulisema una kesi ndefu, huwezi kuja. Nilisema si neno, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga teke debe. Lakini nilikuwa na kituo cha kujenga. Nilichagua kona nzuri, karibu na pengo la ua, nikakiezeka kwa matawi mabichi ya mgunga, yenye majani mengi, kijani kibichi. Hakuna jengo lililopendeza kama kituo changu katika mji wote.

Ngamia naye akaona hivyo.

Aliingia kwenye pengo kwa utulivu kama mtu anayeingia kwake, akainamisha shingo, akaanza kula paa. Watoto wa sokoni walikimbia na nyanya zao. Wazazi wakasimama. Nikapiga filimbi, ngamia akanitazama, akaendelea kutafuna. Kisha akatokea mwenye ngamia, mzee mwembamba mwenye ndevu nyekundu za hina, anahema, fimbo begani. Alikuwa Mzee Gure, ingawa sikumjua siku ile.

Nilimtazama Mwalimu Kioko anisaidie. Alikuwa amekunja mikono. Kengele haikuwa imelia. Nilikuwa polisi bado.

"Nabad, awoowe," nilimsalimia kama ninavyomwamkia babu, nikapindua debe, nikampa akae.

Akatazama debe, akatazama kofia yangu ya kadibodi. "Wewe ni nani?" akauliza kwa Kisomali.

"Mimi ni polisi wa mji huu."

"Mji upi?"

"Huu uliosimama ndani yake, awoowe."

Akageuka polepole. Akaona maduka ya maboksi, hospitali ya shuka, hakimu amekaa juu ya dawati na joho la pazia. Nilidhani ataniambia nimpishe, mtoto mdogo. Badala yake akaweka fimbo chini, akakaa juu ya lile debe, akasema kwa heshima zote, "Basi niandike."

Alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, akaendelea hadi la saba. Niliandika yote. Nilijaza ukurasa, na sikuchoka.

Nikampeleka mbele ya Mwikali. Hapo mambo yakakwama, kwa sababu Mwikali hakujua Kisomali, na mimi ndiye niliyemkamata, nisingeweza kumsemea. Mwikali akagonga dawati kwa kifutio. "Mahakama inahitaji mkalimani."

Watoto wakasukumana. Halafu nikasikia sauti kutoka nyuma ya wazazi.

"Mheshimiwa, mkalimani yubo."

Aabo, sijui ulikuwa umefika saa ngapi. Ulikuwa na koti lako la mahakamani, faili kwapani, viatu vyeupe kwa vumbi. Ulivuka mstari wa majivu bila kuukanyaga. Hukunitazama kabisa. Ulikwenda mbele ya Mwikali ukainamisha kichwa kama unavyofanya mbele ya hakimu mwenye mvi, na Mwikali, naapa, akakujibu kwa kichwa.

Nilisoma shtaka. Ngamia wa mshtakiwa amekula paa la kituo cha polisi, mali ya serikali. Ukalitia katika Kisomali neno kwa neno. Mzee Gure akajibu, nawe ukageuka:

"Mheshimiwa, anasema ngamia wake hana kosa. Hiyo ndiyo njia yake ya kwenda mtoni, amebita habo tangu kabla ya ua wa shule. Anauliza, nani alimruhusu askari kujenga kituo katikati ya njia?"

Uwanja ulivuma. Mwikali akanigeukia. "Askari, kabla ya kujenga ulimwuliza mtu yeyote?"

Ningeweza kudanganya. Nikakuona umesimama pale, unangoja jibu langu ili ulifasiri, uso wako hausemi lolote.

"Hapana, mheshimiwa. Niliona mahali pamependeza tu."

Na wewe ukamgeukia mzee, ukalitafsiri kosa la binti yako lote, hukupunguza hata nukta.

Mwikali akalirudisha begani pazia lililomteleza. Kisha akatoa hukumu: mshtakiwa yuko huru, askari akihamishe kituo chake, aiache njia wazi, na kwa kuwa paa lenyewe limeshaanza kuliwa, ngamia aruhusiwe kulimaliza. Bishar alirusha kofia yake ya mwuza nyama juu. Kelele ile nadhani ilisikika hadi ng'ambo ya daraja.

Lakini Mzee Gure alikuwa amesimama, na alikuwa na neno. Alilisema polepole. Ukafungua mdomo kulitafsiri, na sauti haikutoka. Nilikuwa nimekuona ukifasiri maisha yangu yote, sokoni, hospitalini, msikitini wageni wakija, na sikuwahi kukuona umekosa neno. Ukakohoa.

"Anasema amewahi kusimamishwa mahakamani mara mbili. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuulizwa, akajibu, na akasikilizwa." Ukamsikiliza tena mzee. "Anasema bia askari huyu ni mwembamba mno, abewe maziwa."

Hapo ndipo uliposhindwa. Ulicheka, Aabo. Ulicheka ukavua miwani, ukajifuta macho kwa ncha ya koti, ukaendelea kucheka, na Mzee Gure akakushika bega akicheka nawe, watu wazima wawili katika mji wa maboksi, huku ngamia akitafuna serikali nyuma yenu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilikuuliza kama nimefukuzwa kazi. Ukasema, "Umeshindwa kesi vizuri." Nimepokea vyeti na pongezi tangu siku hiyo; hakuna kilichoipita sentensi ile. Na asubuhi yake Mzee Gure aliyaleta maziwa kweli, akamwambia Hooyo ni ya askari, si ya mtu mwingine. Hooyo, ambaye alitaka niwe nesi, akaanza kunitambulisha kwa majirani kama "bolisi wangu".

Sikuja kuwa polisi wa kweli, unajua. Nilifundisha. Lakini sikiliza kilichotokea.

Mjukuu wako Ifrah ana miaka kumi na mitano sasa. Kwenye kompyuta yake kuna mchezo wa mji mzima, na ndani yake wanaishi watu asiowaona: mmoja yuko Mombasa, mwingine Dar, mwingine Kisumu. Kila mtu ana kazi yake, na ni marufuku kuvunja uhusika, yaani kumwacha mtu unayemwigiza katikati ya mchezo. Ukitaka kuwa polisi unajaza fomu, kisha wanakuhoji kwa sauti. Mwezi uliopita aliomba, akakataliwa. Alinionyesha alichojaza, na kilikuwa ni mbio za magari na risasi tupu. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nilichemsha shaah, nikamweleza kwa mara ya kwanza kofi alilopigwa baba yako. Alikwenda akajaza upya, na mimi nikaizuia mikono yangu isishike kalamu.

Wamempokea. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza. Alitupangia viti nyuma yake kama sinema: mimi, baba yake, Hooyo aliyekuja kututembelea kutoka Garissa. Akasimamisha lori. Akamsalimia dereva, akamwuliza anatoka wapi, na dereva, mtu wa sauti nzito, akaanza hadithi ndefu ya mke na mizigo na tairi. Ifrah anasikiliza, anaitikia. Wakati huohuo, pembeni ya kioo, sote tukaona mtu anaingia kwenye gari lake la polisi, analiwasha, anaondoka nalo.

"Naa, gari lako!" Hooyo alipiga kelele.

Ifrah aliliona. Akashusha pumzi, akamwambia dereva, "Endelea, kaka. Gari tutalitafuta baadaye."

Nilicheka hadi nikateremka kwenye kiti, Aabo. Hooyo alinipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nikanyoosha mkono kutafuta simu ili nikueleze, na hata nilipokumbuka kwamba hutapokea, kicheko hakikuisha. Kilikaa tu na machozi pamoja, na Ifrah akageuka akaniuliza, "Hooyo, niseme wangoje?" Nikamwambia hapana, afanye kazi yake.

Nimechukua siku nne kuandika haya kwa sababu nilitaka yafike yakiwa mazima. Mwenyezi Mungu akulaze pahali pa baridi, penye watu wa kuzungumza nao. Hooyo anakusalimu, na anasema ungeliona lile gari likiondoka, usingecheka kidogo.

Anayekupenda,
Binti yako, Fardosa