Aliyepanda Boti ya Asubuhi

Jumapili, mwezi wa tatu. Theluji ilianza kuyeyuka asubuhi, saa hizi imeganda tena, na njia ya kutoka kituo cha basi ni kioo kitupu. Nimeipita kwa viatu vya kanisani kwa sababu sikutaka lifti ya mtu. Nina hasira. Naandika nikiwa bado na koti mwilini.

Leo wifi yangu Esperance amenitolea ushuhuda.

Kwa asiyemjua, Esperance ni dada mdogo wa mume wangu Bahati. Ni mzaliwa wa Bukavu, anakaa Sundbyberg, huku huku ughaibuni tuliko sisi, mrembo, machozi yake hayako mbali. Mimi ni Mtaita wa Voi, langu nalisema usoni. Tangu harusi hatujapatana. Januari Bahati akatuomba tusafiri sisi wawili, mabegi mgongoni, tuufuate mto Mekong mji kwa mji, labda tutazoeana. Nilikubali kwa ajili yake.

Mwanzoni tulivumiliana. Esperance alilalamika kuhusu mbu, mimi nikalalamika kuhusu Esperance. Mpakani mwa Laos tukapanda boti ndefu ya mbao, ile inayoshuka na mto taratibu kutwa nzima. Jioni ikatia nanga Pakbeng, kimji cha mteremkoni ambako abiria hulala kabla ya kuendelea Luang Prabang. Hapo ndipo homa iliponikamata. Mimi ni muuguzi, homa ya mchezo naijua. Hii ilinifanya nishindwe hata kugeuza macho, na mifupa ilikuwa kama inasagwa. Nikamwambia, "Esperance, usiniache hapa." Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwomba.

Asubuhi naamka, kitanda chake kimetandikwa. Begi halipo. Mwenzangu kapanda boti kwenda Luang Prabang, ambako chumba chenye dirisha la kuangalia mto kilikuwa kinamngoja. Mimi kaniachia panadol na chupa ya maji.

Aliyeniuguza ni mwenye gesti, mama mmoja anaitwa Noi. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu. Alinilisha uji wa mchele wenye tangawizi, kijiko kwa kijiko. Nikitapika, ananishika kichwa. Homa ilipozidi alinipakia kwenye pikipiki, mimi katikati yake na binti yake nisianguke, wakanipeleka zahanati nikatundikiwa maji. Nilimlilia yule mama siku ya kuondoka, na mimi silii ovyo.

Niliporudi nilimweleza Bahati yote. Akasema, "Mke wangu, yaishe." Kila nikifungua mdomo, yaishe. Haya, nikanyamaza.

Sasa leo. Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi Hallunda, na desturi yetu ni kwamba aliyetoka safari anatoa shukrani. Akitaja uponyaji, aliyeponywa huitwa mbele athibitishe, ndipo vigelegele vinapigwa. Esperance akashika maikrofoni, kitenge kipya, leso tayari mkononi.

"Wifi yangu alikuwa anakufa," akasema. "Mi nilikuwaka pembeni yake jour et nuit, muchana na usiku. Naomba, nalia, namulisha na mukono yangu."

Amina, kanisa zima. Nyuma yangu mama mmoja anapenga kamasi kwa uchungu.

Namulisha! Ala!

Bibi yangu alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Huu uongo umetoka Pakbeng ukafika Hallunda salama salimini.

Mchungaji akaniita. Bahati akanibana mkono, akanong'ona, "Tafadhali. Sema amina tu ukae." Na haki ya Mungu, nilikwenda mbele nikikusudia kusema amina. Lakini Esperance akanikumbatia, kisha akaanza kunipangusa paji la uso kwa ile leso, polepole, watu waone alivyokuwa akinipangusa.

Nikachukua maikrofoni. Nikasema, "Aliyenipangusa anaitwa Noi. Esperance aliondoka na boti ya asubuhi, mimi siwezi hata kukaa. Mungu ni mwema."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mpiga kinanda aligusa wimbo akauacha. Sitawadanganya, nilijisikia vizuri. Nilitembea kurudi kitini kifua mbele.

Ibada ilipokwisha, Esperance akanifuata penye makoti. Bahati alikuwa ameinama hapo hapo anafunga viatu. Safari hii wifi yangu hakuwa na chozi hata moja.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Basi uliza bwana yako, nani aliniambia nipande ile boti? Nilimupigia simu usiku nikilia. Akaniambia, 'Enda tu, ule mwanamuke ni chuma, atapona.' Muulize, iko hapa!"

Nikamgeukia Bahati. Nilikuwa nangoja neno moja tu: muongo. Angesema muongo ningemwamini yeye palepale na kumchukia dada yake maisha yangu yote, kwa raha zangu.

Bahati akaendelea kufunga kamba. Kiatu kimoja, mtu mzima, na hakiishi kufungwa.

Nikatoka.

Kwenye basi nimewaza njia nzima. Zile yaishe zote nilidhani anamkinga dada yake. Kumbe alikuwa anajikinga mwenyewe. Na hilo jina, chuma, amekuwa akiniita tangu uchumba. Nikitoka zamu ya usiku na kupitiliza jikoni, chuma. Nilipomzika baba bila kuyumba, chuma. Nami nikawa nikitabasamu, mjinga mimi, nikidhani nasifiwa.

Nimetafuta hasira yangu kwa Esperance siioni. Yeye alimpigia mtu simu akilia, angalau. Mume wangu aliisikia hali yangu, akaipima, akaona naweza kuachwa.

Kila siku hospitalini Flemingsberg nakaa na wagonjwa ambao hata majina yao nayasoma kwenye utepe wa mkononi. Sijawahi kumwacha hata mmoja anayeniomba nisiondoke.

Nasikia funguo mlangoni. Bahati anavua viatu. Sina haja ya kumuuliza kuhusu simu, jibu nimeliona. Najiuliza mimi: siku Bahati akianguka kitandani akanishika mkono akasema usiniache, nitakaa?