Bakuli Ambalo Baba Yako Hakulisikia

Nyuma ya Hekalu,
Lukang, Taiwan.
Aprili 9, 1994.

Mpendwa mwanangu Bun-seng,

Hujambo huko Yokohama? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai kidume bila koti? Sisi hatujambo kiasi. Mama yako mguu unamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Mimi uzee unanipigia hodi kila asubuhi, nami sifungui.

Chaza mwaka huu ni wadogo kama kucha. Mama yako anawakaanga na mayai vilevile, na kulalamika vilevile.

Sasa nije kwenye linalokuuma. Ulimwandikia baba yako kwamba unataka kumuoa Le-khim, yule binti wa Hualien unayefanya naye kazi kiwandani, ukaomba baraka. Kimya. Ukaandika tena, kimya. Safari hii umeniandikia mimi, kwa hasira, kwamba anamdharau binti wa watu kwa sababu wazazi wake ni wakulima. Mwanangu, hasira zako zimepotea njia. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia, "Bun-hiong, mtoto anangoja. Sema ndiyo au sema hapana, we mwanamume gani?" Akanijibu bila kuniangalia: "Dada, huu mdomo ulishaozesha mtoto mmoja. Usiniombe tena."

Habari za dada yako Suat-ing unazijua nusu. Wakati ule ulikuwa jeshini. Ulikuja siku ya harusi, ukala, ukarudi kambini. Mimi nami nilikuwa bado kwa mume wangu Taichung. Haya nimeyapata kwa Suat-ing mwenyewe, tangu aliporudi nyumbani.

Posa ya Khiam-tek, yule kijana wa benki, ilipoletwa, karatasi nyekundu yenye siku na saa aliyozaliwa iliwekwa chini ya chetezo cha ubani mbele ya mababu, kama ilivyo desturi. Siku tatu zipite bila chombo kuvunjika wala mtu kugombana ndani ya nyumba. Kikivunjika kitu, mababu wamekataa. Mama yako anasema siku hizo alinyata jikoni kwake mwenyewe kama mwizi.

Siku ya tatu asubuhi Suat-ing alichukua bakuli la supu, akasimama nalo mbele ya madhabahu, akaliachia.

"We mtoto! Mikono yako ina mafuta?" Mama yako akapiga kelele. Baba yako akatoka kunyoa, povu bado limemjaa shavuni, akatazama vigae, akatazama karatasi nyekundu. "Fagia, fagia haraka, Bibi asione," akasema. "Mababu zetu wana akili zao. Hawawezi kumkataa mtu wa benki kwa ajili ya bakuli la sokoni." Akaenda dukani mwenyewe kununua jingine lenye ua kama lile.

Suat-ing aliniambia hivi: "Shangazi, kumwambia Baba sitaki, nisingeweza. Nilidhani mababu wakinisemea, atasikia." Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikwisha kuona kwamba kijana yule hakumtazama hata mara moja wakati wa chai ya posa.

Usidhani baba yako ni mtu mbaya. Alihangaika sana. Alipeleleza ukoo mzima wa Khiam-tek, kazi yake, madeni yao, magonjwa yao, nusura aulize meno ya babu yao. Binti yake tu ndiye hakumuuliza kitu.

Na Khiam-tek naye alikuwa mtiifu wa wazazi wake. Alikuwa na mwanamke wake tangu zamani, wakamkatalia, akaoa aliyechaguliwa na kuendelea kwenda kwa yule kwa siri. Hakumpiga dada yako wala hakumtukana. Hakuwa na la kumwambia, basi. Mwaka juzi mwanamke yule akaja mlangoni na mtoto wa kiume wa miaka minne. Mama mkwe akamkumbatia mjukuu wake kwa machozi ya furaha. Suat-ing akampikia mtoto uji, akamlisha hadi akashiba, ndipo akafunga virago.

Sisi watu wazima tunapenda sana kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, nami nimeona wengi waliovunjika. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo, guu linalovunjika si lake, ni la mwanawe. Hilo halina methali, na laiti lingekuwa nayo. Nimemlilia Suat-ing kuliko nilivyomlilia marehemu mume wangu.

Juzi tulikwenda kusafisha makaburi. Baba yako alikuwa akikata majani kwenye kaburi la Bibi, dada yako anayakusanya. Ghafla akamuuliza, mundu mkononi, "Lile bakuli, mwanangu. Lilikuponyoka?"

"Hapana, Baba. Nililiachia."

Baba yako akaendelea kukata mahali ambapo majani yalikwisha. Kisha akasema, "Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nataka uniulize."

Akakaa chini kwenye udongo, Bun-seng, na suruali yake nzuri, akalia. Suat-ing akamtoa mundu mkononi asijikate. Hakumwambia basi, Baba, yamepita. Hayajapita, na sisi sote pale tulijua.

Jana ameniita, akaniagiza nikuandikie. Karatasi ya Le-khim hataiweka mbele ya mababu. Wazazi wake wanalima nini, hataki kujua leo. Anaomba binti apige simu Jumapili yoyote mchana, wewe ukiwa umetoka nje, ili amuulize kama anataka. Akisema anataka, baraka ni zenu. Akisema bado hajui, mtangoja. Na akisema hataki, mwanangu, baba yako anakusihi umsikie, hata kama itakuuma, maana yeye hakusikia.

Na wewe nakuuliza mimi, kwa kuwa umri wa kuulizwa unao: umewahi kunyamaza mbele ya Le-khim ili aseme la moyoni? Kama hujawahi, anza leo.

Mama yako Guat-kiau anakusalimu na anakusisitizia koti. Jirani yetu Mzee Thian-hok anakusalimu. Mungu mlinzi wa hekalu letu akutangulie njiani, akuepushe na baridi na mitambo.

Dada yako naye nilimuuliza nikuandikie nini. Akafikiri kidogo, akasema: "Msalimie Le-khim. Mwambie asiseme ndiyo kwa ajili ya kutuheshimu."

Anayekupenda tangu hujaota meno,
Shangazi yako Bi-hio