Friji ya Zaina

Jumamosi, 3 Mei

Nimeiosha friji ya zamani kwa ndimu. Wiki ijayo inapanda kontena kwenda Tanga, kwa mdogo wangu Zaina. Jikoni imeshaingia mpya, kimya kama mgeni.

Zaina ana ualbino na anauza nyanya juani. Shingo imejaa vidonda. Akiwa na friji atauza barafu za ukwaju akikaa ndani, kivulini. Nia yangu ni hiyo tu. Genge la nyanya keshaliacha, anaisubiri friji. Kashona hadi pazia la mlango.

Jumapili, 4 Mei

Kaka Rama, mpakiaji wa kontena, kaja kwangu Edmonton, huku ughaibuni, kuipima. Akainama nyuma ya friji, akasoma kibandiko, akatikisa kichwa. R12. Gesi ya zamani ya kupozea, hairuhusiwi kusafirishwa. Bomba likitoboka njiani, au fundi akilifungua, inapanda juu na kula tabaka la ozoni, lile linalotukinga na makali ya jua.

Nimemnunia. Friji moja tu ndiyo itamaliza anga? Chai sikumwekea sukari.

Jumatatu, 5 Mei

Jirani ana jamaa yake wa kuificha kontenani katikati ya magodoro. "Dada, nani atachungulia huko?" Nimekubali. Roho haijatulia.

Jumatano, 7 Mei

Kazini nilikuwa nampaka mafuta mgongoni bibi ninayemhudumia. Nikamwona Zaina mawazoni. Tulipokuwa tukienda shule, mimi ndiye niliyekuwa nikimfunika kanga kichwani. Leo ndiyo nimpelekee kitu cha kuitoboa kanga ya dunia nzima?

Nimeyakataa magodoro. Nimelia kwenye basi, kiti cha mbele, bila aibu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia Zaina, nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Akacheka. "Basi ibaki hukohuko, dada. Jua la hapa linatosha."

Nampenda mno huyu mtoto. Kesho anarudi gengeni, anasema. Nimeitazama friji mpya mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 10 Mei

Kontena limeondoka. Mpya imo. Gesi yake haigusi ozoni, Rama kasoma kibandiko na kunihakikishia. Ndani nimejaza kofia pana na losheni za jua. Rama nimemtilia sukari hadi kalalamika.

Ya zamani imerudi kwenye kona yake. Madhali ni nzima, gesi imefungwa ndani, haimdhuru mtu. Ikifa, nitawaita wenye mashine waje waivute gesi isitoroke.

Inanguruma kama zamani. Nimeweka maziwa.