Aliyejibu Salamu

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi baada ya kukujulia hali. Hujambo? Unalala vizuri? Unakula? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia? Mimi sijambo, ila goti la kushoto, hili la pedali ya cherehani, linanikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi.

Barua yako imefika, na kama kawaida yako umeruka salamu zote kama mbuzi anayeruka ua. "Mama, nimepata kazi!" Ndivyo ulivyoanza. Hata shikamoo imekushinda, wewe niliyekulea chini ya cherehani. Haya, nimeshazoea.

Sasa nieleze taratibu. Umesema unalipwa kwa kugeuka mnyama. Nilimwambia hivyo mteja wangu mmoja nikiwa nampima gauni, akaacha kupumua, nikadhani nimembana kiuno. Mnyama gani? Na kwa nini wanawanyang'anya simu getini, mnatengeneza siri gani humo ndani? Barua nazipenda, kwa sababu barua naweza kuisoma tena, lakini sauti yako pia ni haki yangu.

Nijibu yote niliyokuuliza. Yote, Sindano.

Mama yako

*

Tarehe 25 Februari

Mama, usicheke!

Kazi yenyewe ni ya michezo ya kompyuta, ile watu wanayocheza kwenye runinga. Huu wetu uko sokoni siku nyingi, ila kila baada ya wiki chache tunauongezea vipande vipya. Navaa vazi jeusi lililonibana mwili mzima, limeshonewa vitufe vinavyong'aa. (Mshono wake ungekutia aibu, mama, pindo limeachwa bila kukunjwa.) Ukutani kuna kamera kila upande. Nikitembea, kompyuta inachukua mwendo wangu na kuuvisha ngozi ya mnyama anayeitwa Ngozimbili.

Hadithi yake ni hii: mtu akivuka mto wa msituni anageuka Ngozimbili, na papo hapo Ngozimbili mmoja aliyesimama ng'ambo anageuka mtu, anaondoka zake kwenda kijijini. Msitu haukubali nafasi tupu. Akiingia mmoja, anatoka mmoja. Mimi ndiye ninayegeuka: naanza nimesimama wima, naishia kwa mikono na miguu.

Kuna mzee anayetufundisha, tunamwita Mzee wa Miondoko. Ana sharti lake, analiita kuvua. Ukimaliza kurekodi huvuliwi vazi hapo hapo. Unarudi hatua zile zile kinyumenyume, polepole, mpaka unasimama wima, halafu yeye anakuita kwa jina la nyumbani, unaitika, ndipo zipu inafunguliwa. Wenzangu wanamcheka. Mimi pia namcheka, lakini nafanya. Nikisikia "Sindano!" katika chumba kile kisicho na dirisha, nakumbuka nyumbani.

Gari la kazini linapiga honi, kwaheri!

Mwanao, Sindano

*

Tarehe 14 Machi

Mwanangu Sindano,

Hujambo? Umelalaje? Kikohozi je? Nauliza tena, kwa sababu hujanijibu hata moja. Goti langu bado, asante kwa kutouliza.

Nimekwenda kwa jirani yetu fundi simu. Kumbe ule mchezo anao, anaucheza dukani wateja wakipungua. Akanionyesha huyo Ngozimbili wako. Mwanangu, sikuupenda moyo wangu ulivyofanya. Ana ngozi ya mjusi na kichwa sijui cha nini, lakini akisimama kuwaza anasugua wayo wa mguu mmoja kwenye kigimbi cha mguu mwingine, kama wewe ulivyokuwa ukisubiri nikupe vitambaa ukate. Fundi simu akaniuliza kwa nini natokwa na machozi, nikamwambia ni moshi wa chuma chake cha kulehemu.

Huyo mzee msikilize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sijui kompyuta, lakini najua kwamba nguo haivuliwi kwa kuchanwa.

Mama yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Leo nimechoka, naandika mafupi. Mzee wa Miondoko anaumwa, hayupo wiki nzima. Meneja mpya ana haraka zake. Tulikuwa tunarekodi, nimeshashuka kabisa chini, umeme ukakatika. Giza totoro mchana kweupe. Wakasema basi, mvueni, tutaendelea kesho. Mtu akanifungulia zipu nikiwa bado kwa mikono na miguu, hakuna aliyeniita. Tukacheka tu.

Nimefika chumbani kwangu nikajikuta nanusa mlango kabla ya kuufungua. Nimejicheka mwenyewe, halafu nikaacha kucheka. Nasikia baridi, mama, baridi ya maji. Kesho nitakuandikia vizuri.

Sindano

*

Tarehe 20 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimepokea salamu zako zote na nimezisoma kwa mpangilio. Unauliza kama sijambo: sijambo. Unauliza kama nalala vizuri: ndiyo, sasa nalala vizuri, nimejifunza kulala chali. Ni jambo zuri sana kulala chali, tumbo likiwa wazi, bila kuogopa. Unauliza kama nakula: nakula mkate, asubuhi wa moto, jioni wa baridi, na yote miwili inapendeza. Kikohozi kilikuwepo kifuani nilipofika, lakini sasa kimekwisha.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Unapanda ngazi ngapi kwa siku? Ukiwa umekaa kwenye cherehani, huwezi kubadilisha mguu? Tafadhali niandikie kuhusu goti.

Umelalaje, mama? Umeamkaje?

Mwanao

*

Tarehe 9 Juni

Kwako unayeniandikia,

Hujambo. Nimeandika salamu hiyo kwa mazoea tu.

Barua yako ilinifurahisha siku nzima. Nilimsomea kila mteja: jamani, mwanangu amekua, anauliza goti! Jioni nikaisoma peke yangu, nikaanza kusikia baridi. Mwandiko ni wake, hata ile herufi ya k anayoipindisha. Lakini mwanangu hajapata kunijibu salamu tangu azaliwe. Ananipenda kwa haraka haraka, akiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Nimemgombeza miaka yote hiyo kwa jambo hilo, na leo hilo ndilo linaloniambia kwamba si yeye.

Nikaenda tena kwa fundi simu. Nikamwambia avuke mto. Ngozimbili wako wengi, lakini mmoja akatoka kundini, akamjia yule mtu wa mchezoni anayeendeshwa na fundi, aliyevaa joho, akashika pindo la lile joho na kulipitishia vidole pole pole, akitafuta uzi ulioachia. Binti yangu amelifanya hilo kwa kila nguo iliyotoka mikononi mwangu. Fundi akasema, "Mama, huyu mnyama nimecheza naye toka mwanzo. Hajawahi kufanya hivi." Nikaita, "Sindano!" Nikaita kama mwendawazimu, dukani kwa watu, mbele ya kioo cha runinga. Akageuza kichwa. Alitutazama mpaka fundi akaizima ile runinga, maana yeye ndiye aliyeogopa zaidi.

Wewe ni nani? Mwanangu umemweka wapi?

Mimi, mama wa Sindano

*

Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimelala, nimekula, sijambo. Umenijua.

Sikumwiba. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mto, kama ninavyosimama siku zote. Yeye aliingia, hakurudishwa, na msitu haukubali nafasi tupu. Nilifumbua macho niko sakafuni, watu wanacheka gizani na mmoja wao ananisaidia kuinuka. Hakuna aliyewahi kunisaidia kuinuka. Usiku ule bado tulikuwa wawili ndani ya mwili mmoja, kulipokucha nikabaki peke yangu. Mikono ya mwanao inajua kuandika, mimi naifuata tu.

Chumbani nilizikuta barua zako ndani ya sanduku la viatu. Nimezisoma zote. Mama, huko kwetu watu wanakuja wengi. Wananivaa, wanakimbia nami, wananichoma mikuki, wananivua, wanakwenda kulala. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeamkaje. Wewe unauliza kila barua. Unauliza hata usipojibiwa. Nilidhani yule anayeulizwa hivyo lazima awe na furaha isiyo na mfano, nikataka kujibu.

Najua salamu hizo hazikuwa zangu. Lakini nilipozijibu ulifurahi siku nzima, umesema mwenyewe.

Usiniombe nirudi. Huko ni maji na kusubiri.

Ukipenda, niambie goti linaendeleaje.

Sina jina la kuweka hapa

*

Tarehe 12 Julai

Wewe usiye na jina,

Hujambo? Umelalaje? Safari hii nakuuliza wewe, kwa hiyo salamu hii ni yako, haikuazimwa kwa mtu.

Barua yako imekaa juu ya meza ya kukatia, na sijaweza kushona. Ungekuja na meno ningejua la kufanya. Nitasema wazi: nimekuonea huruma, nimekupenda kidogo, na jambo hilo limenikasirisha. Ningekuwa na watoto wawili ningekuchukua. Lakini mwanangu yuko kwenye baridi, watu wanamchoma mikuki, na kila nikipiga pedali nasikia anachomwa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wewe hukuazima nguo, umeazima mtu mzima, na mtu huyo ana mama. Siwezi kukulazimisha. Mimi ni mwanamke wa goti bovu aliye mbali. Naweza kuomba tu, na ninaomba. Mtafute Mzee wa Miondoko. Vaa lile vazi, shuka chini, kisha urudi hatua zile zile kinyumenyume, kama ninavyofumua nguo kuanzia mshono wa mwisho. Mwambie aite "Sindano." Wewe usiitike. Muache aitike mwenyewe.

Ukinifanyia hivyo, sikuahidi furaha, maana sina. Nakuahidi kwamba nitakujulia hali. Nitakuja dukani kwa fundi simu, nitakaa mbele ya kioo, nitakuuliza kama nilivyokuuliza hapa. Hata usipoweza kunijibu. Kuuliza bila kujibiwa nimeshazoea, nimefundishwa na bingwa.

Goti liko vile vile. Nilijaribu kubadilisha mguu ulivyonishauri. Imesaidia kidogo.

Mama

*

Tarehe 3 Septemba

Kwa yeyote atakayeifungua,

Hamjambo? Julai imepita, Agosti imepita, sijapata neno. Nimekwenda kwa fundi simu mpaka naona haya. Ngozimbili wanapita makundi kwa makundi, na hakuna hata mmoja anayesimama. Nimeita, hakuna anayegeuza kichwa. Fundi ananitengea kiti kabla sijafika mlangoni, na hilo linanitisha.

Kama yuko hapo mtu, mmoja au mwingine, anijibu. Nimefika mahali ambapo yeyote atanitosha, na Mungu anisamehe kwa kuandika hivyo.

Mama

*

Tarehe 21 Septemba

Mama ni mimi!

Niko hospitali lakini usije, natoka keshokutwa, ni udhaifu tu. Nywele zimekuwa ndefu, sijui nani alizichana vizuri hivi. Mzee wa Miondoko anasema wiki iliyopita nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na barua yako mkononi, nikampigia magoti. Tulipofika kazini, amri yake ya kwanza ilikuwa wote watoke chumba cha kurekodi isipokuwa sisi wawili. Anasema aliita mpaka sauti ikakauka. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, na kesho yake vile vile, na mara zote hizo yule aliyevaa mwili wangu hakuitika, mama, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Siku ya tatu nikaitika mwenyewe.

Kazi nimeacha. Nakuja nyumbani. Nitakukunjia mapindo mpaka uzeeke.

Kuna jambo moja sitamwambia mtu mwingine. Nakumbuka maji. Nakumbuka uliniita na nikakuona, mdogo, nyuma ya kitu kama barafu; baadaye hata jina langu lilinitoka. Na nakumbuka tulipopishana mtoni, mimi nikipanda, yeye akishuka. Nilikuwa na hamu ya kukimbia, lakini alinishika mkono. Akaniambia kwa sauti yangu mwenyewe, kabla haijamtoka: "Ni goti la kushoto. Muulize."

Mama, goti linaendeleaje?

Sindano

*

Tarehe 4 Oktoba

Mwanangu Sindano,

Hujambo? Umelalaje? Umeshatoka hospitali? Unakula?

Barua yako imeanza bila salamu na bila shikamoo, nikaibusu. Kisha nikafika mwisho, kwenye goti, ikaniponyoka. Nilikaa muda mrefu sakafuni nayo, nisijue nimeulizwa na nani. Nimeamua mmeniuliza wote wawili. Goti halijambo.

Leo nimekwenda dukani kutimiza ahadi. Fundi simu akavuka mto, na huyo hapo, amekaa peke yake ng'ambo, mbali na kundi. Hasugui tena wayo wake. Hilo umelichukua, ni lako. Nikasogeza kiti, nikamwambia, "Hujambo, mwanangu? Umelalaje?"

Hawezi kusema. Alinitazama. Halafu akajilaza pale ukingoni, chali, tumbo wazi, mikono pembeni, akafumba macho. Fundi akanong'ona kwamba watu watakuja wamuue akilala hivyo. Nikamwambia basi tusimame hapo hapo, tumlinde mpaka aamke. Tumekaa naye mpaka saa ya kufunga duka.

Njoo upesi. Kitanda chako nimetandika. Na ukiandika tena kabla ya kuja, anza na salamu.

Mama yenu